Mfalme Asiyetaka Taji: Urithi wa Harry Belafonte na Deni la "Malaika"

Harry Belafonte, mwimbaji aliyejulikana duniani kote kama "Mfalme wa Kalipso", alifariki nyumbani kwake Manhattan, New York, tarehe 25 Aprili 2023 kwa maradhi ya moyo. Alikuwa na umri wa miaka 96. Rais Joe Biden wa Marekani alitoa tamko la kumuenzi, Barack Obama naye aliandika salamu zake, na visiwa vya Karibi, walikotoka wazee wake, vilimlilia kama mwana wao. Wengi walimsifu kwa mambo mawili: sauti yake, na ushupavu wake katika kupinga ubaguzi wa rangi. Pamoja na sifa hizo lilirudi swali lililomfuata kwa zaidi ya miaka 60. Nyimbo zilizompa jina zilikuwa za nani, na waliozitunga walipata nini?

Swali hilo linaigusa Afrika Mashariki. Mwaka 1965 Belafonte na Miriam Makeba wa Afrika Kusini walitoa albamu iliyokuwa na wimbo wa Kiswahili, "Malaika". Mtu wa kwanza kuurekodi wimbo huo, Fadhili William, alikuwa mwana wa Taita, milima iliyo ncha ya kaskazini ya Tao la Mashariki, safu ile ile inayopita Upare na kufika Usambara. Mwingine anayetajwa kuwa mtunzi wake, Adam Salim, alikuwa Mtanzania. Wote wawili wameshakufa, na mjadala kuhusu haki yao haujaisha.

Kijana wa Harlem aliyelelewa Jamaika

Belafonte alizaliwa Harlem, New York, tarehe 1 Machi 1927, katika familia ya wahamiaji maskini kutoka Karibi. Akiwa mdogo alipelekwa kwa bibi yake Jamaika, akaishi huko kuanzia mwaka 1932 hadi 1940. Ni katika miaka hiyo alizisikia nyimbo za wachuuzi sokoni, za wavuvi na za makuli wa bandarini. Aliporudi New York masomo yalimshinda, akajiunga na jeshi la majini la Marekani wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, kisha akafanya kazi za mikono. Siku moja alipewa tiketi ya kuangalia mchezo wa jukwaani wa kundi la waigizaji weusi, American Negro Theatre, na akaamua kuwa mwigizaji. Huko alikutana na Sidney Poitier, kijana mwenye asili ya Bahama, na urafiki wao ulidumu hadi uzeeni.

Uimbaji ulianza kama njia ya kulipia masomo ya uigizaji. Aliimba jazi kwenye vilabu, kisha akageukia nyimbo za asili, akizisaka katika maktaba na kwa wazee waliozijua. Mwaka 1956 kampuni ya RCA Victor ilitoa albamu yake iliyoitwa "Calypso". Ilikaa nafasi ya kwanza katika chati ya albamu za Marekani kwa wiki 31, na hutajwa kuwa santuri ndefu ya kwanza ya mwimbaji mmoja kuuza zaidi ya nakala milioni moja nchini humo. Wakati huo, katika majimbo ya kusini ya Marekani, mtu mweusi hakuruhusiwa kula meza moja na mzungu. Mafanikio ya albamu hiyo yalikuwa tukio la kijamii kama yalivyokuwa la muziki, na kampuni ikamtangaza kwa cheo cha Mfalme wa Kalipso.

Kalipso na wenyewe

Kalipso ni muziki wa Trinidad. Mizizi yake iko kwa watumwa waliotoka Afrika Magharibi na katika sherehe za kanivali zinazofanyika kabla ya mfungo wa Kwaresima. Serikali ya kikoloni ya Kiingereza ilipopiga marufuku ngoma katika miaka ya 1880, watu waligonga mianzi, na baadaye vyuma na mapipa ya mafuta, hadi wakapata ala iitwayo pani ya chuma. Waimbaji walijipa majina ya kutisha au ya kifahari: Roaring Lion, Atilla the Hun, Lord Kitchener, Mighty Sparrow. Waliimba habari za mji, walimsema gavana, walifichua siri za wakubwa na kujibizana wao kwa wao mbele ya umati. Msikilizaji wa taarabu, aliyezoea malumbano ya vikundi hasimu na mafumbo yanayomlenga mtu bila kumtaja jina, ataielewa kalipso bila shida. Makali yake yaliwatia wakoloni hofu, na mwaka 1934 ilitungwa sheria iliyowapa polisi mamlaka ya kuyakagua maneno ya nyimbo.

Ndani ya Trinidad, taji la mfalme wa kalipso lilishindaniwa kila mwaka wakati wa kanivali. Mwaka 1956, mwaka ule ule wa albamu ya Belafonte, lilichukuliwa na kijana aliyeitwa Mighty Sparrow. Kwa Watrinidad, Mmarekani mwenye asili ya Jamaika kuitwa mfalme bila kupanda jukwaa la mashindano lilikuwa jambo la kukera. Isitoshe, nyimbo nyingi katika albamu ile hazikuwa kalipso. Zilikuwa nyimbo za asili za Jamaika, au zilifuata mtindo wa mento, muziki wa Jamaika unaopigwa kwa gitaa, banjo na sanduku la mbao lenye vyuma. Hazikuwa na kijembe cha siasa wala habari za mji.

Belafonte mwenyewe alilikubali jambo hilo. Alieleza mara nyingi kuwa yeye ni mwimbaji wa nyimbo za asili za mataifa mbalimbali na kwamba cheo cha mfalme kilitokana na wauzaji wa santuri. Wanaomtetea wanasema pia kwamba, bila yeye, sikio la dunia lisingeelekea Karibi mapema hivyo. Wanaomkosoa hujibu kuwa umaarufu wake uliifanya dunia idhani kalipso ni muziki wa watalii na fukwe, huku watunzi wenye makali wakibaki hawajulikani nje ya visiwa vyao. Hoja zote mbili zina ukweli, na ndiyo sababu hakuna upande uliokubali kushindwa.

Nyimbo zilikotoka

Wimbo uliomtambulisha Belafonte kuliko zote, "Day-O", ni wimbo wa kazi. Wanaoimba ni makuli wa bandari ya Jamaika waliokesha wakipakia mikungu ya ndizi melini, wakimsubiri karani ahesabu mzigo ili walipwe na kwenda kulala. Hakuna anayejua jina la kuli aliyeuanzisha. Kabla ya Belafonte, ulirekodiwa na Edric Connor, Mtrinidad aliyeishi London, mwaka 1952, kisha na Louise Bennett, mshairi mpendwa wa Jamaika, mwaka 1954. Toleo la Belafonte lilipangwa upya na Irving Burgie na William Attaway.

Burgie ndiye aliyefanya kazi kubwa zaidi nyuma ya pazia. Alizaliwa Brooklyn kwa mama kutoka Barbados, akasomea muziki, na aliandika au kupanga upya nyimbo nane kati ya 11 za albamu ya mwaka 1956. Jina lake liliandikwa kwenye santuri na kusajiliwa, kwa hiyo aliishi kwa mrabaha wa kazi yake hadi alipofariki mwaka 2019. Barbados ilipopata uhuru mwaka 1966, yeye ndiye aliyeyaandika maneno ya wimbo wake wa taifa. Nyimbo nyingine za Belafonte, kama "Matilda", zilikuwa zimeimbwa na kurekodiwa miaka mingi kabla na King Radio, mwanakalipso halisi wa Trinidad.

Kuna kesi moja inayoonyesha jinsi haki ya mtunzi inavyoweza kuokolewa. Mwaka 1943 mwanakalipso Lord Invader alitunga maneno ya "Rum and Coca-Cola", wimbo uliosema habari za askari wa Marekani waliojazana Trinidad wakati wa vita na jinsi fedha zao zilivyowabadili wenyeji. Mchekeshaji mmoja wa Marekani aliyefika kisiwani kuwatumbuiza askari aliondoka nao. Ukasajiliwa New York kwa majina mengine, na kundi la dada watatu, Andrews Sisters, likaurekodi na kuuza mamilioni ya nakala. Mohamed Khan, mchapishaji wa Trinidad, alikuwa ameyachapa maneno ya Invader katika kijitabu cha nyimbo za mwaka ule. Alikwenda mahakamani New York akiwa na kijitabu hicho mkononi, na mwaka 1947 mahakama ikaamua kwamba haki ilikuwa upande wa Trinidad. Pasipo karatasi ile, lingekuwa neno la mwimbaji wa kisiwa cha mbali dhidi ya neno la kampuni kubwa ya muziki.

Fedha za nyimbo zilikokwenda

Heshima aliyopewa Belafonte alipokufa haiwezi kueleweka kwa muziki peke yake. Alikutana na Martin Luther King miaka ya 1950 na kuwa rafiki na mfadhili wake. Wakati wa maandamano ya Birmingham mwaka 1963 alisaidia kukusanya fedha za dhamana ya waliokamatwa, na mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa waandaaji wa maandamano makubwa ya Washington. Mwaka 1964 yeye na Poitier walibeba mkoba uliojaa maelfu ya dola hadi Mississippi, kwa ajili ya vijana waliokuwa wakiwaandikisha weusi kupiga kura. Kundi la wazungu wabaguzi liliwafukuza kwa gari usiku huo. Alichangia pia matunzo ya familia ya King kabla na baada ya King kuuawa mwaka 1968.

Afrika Mashariki ilipata fungu lake mapema. Mwaka 1959 Tom Mboya wa Kenya alikwenda Marekani kutafuta nafasi za masomo kwa vijana wa Kiafrika, ambao serikali ya kikoloni haikuwapa elimu ya juu ya kutosha. Vyuo vilikubali kuwapokea, lakini nauli ya ndege haikuwepo. Belafonte, Poitier na mchezaji wa besiboli Jackie Robinson waliweka majina yao kwenye barua ya kuomba michango, na Septemba 1959 ndege ya kwanza ilipeleka wanafunzi 81. Mwaka uliofuata mpango ulipanuka na kuchukua wanafunzi wa Tanganyika, Uganda na nchi nyingine. Wangari Maathai, aliyekuja kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika kutunukiwa Nishani ya Amani ya Nobel, alikwenda kusoma Kansas mwaka 1960 kupitia mpango huo.

Mwaka 1985 Belafonte ndiye aliyetoa wazo la wasanii wa Marekani kuimba pamoja ili kuchangia walioathiriwa na njaa Ethiopia. Usiku wa Januari 28, wimbo "We Are the World" ulipokuwa ukirekodiwa Los Angeles, Stevie Wonder alipendekeza mstari mmoja uimbwe kwa Kiswahili. Pendekezo likazua mabishano na kuachwa, hasa ilipokumbushwa kuwa Waethiopia hawazungumzi Kiswahili. Usiku huo huo wasanii waliokusanyika walimwimbia Belafonte "Day-O" kwa heshima. Miaka miwili baadaye aliteuliwa kuwa balozi wa hiari wa UNICEF, na mwaka 2004 alizuru Kenya kuhimiza elimu ya watoto, baada ya nchi hiyo kufuta ada za shule za msingi.

Msimamo wake haukumpendeza kila mtu. Mwaka 2002 alimfananisha Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani ambaye naye alikuwa na asili ya Jamaika, na mtumwa anayeishi nyumbani kwa bwana wake, na hata baadhi ya weusi walimlaumu. Mwaka 2012 aliwasema Jay-Z na Beyoncé kwamba utajiri wao hauendi sambamba na wajibu wao kwa jamii, akajibiwa kwa ukali. Mwaka 2013 alilazimika kufungua kesi dhidi ya watoto wa King kuhusu hati tatu alizosema alipewa na King na jamaa zake wa karibu. Mwaka 2014 walipatana, naye akabaki na hati hizo. Ugomvi huo uliwaumiza waliozipenda familia zote mbili, lakini ulionyesha kuwa hata kati ya watu waliopigania jambo moja, urithi usioandikiwa masharti huzaa mgogoro.

"Malaika" inapita mikononi mwao

Belafonte alikutana na Miriam Makeba London mwaka 1959, akamsaidia kuingia Marekani na kumtambulisha kwa watazamaji. Serikali ya makaburu ilipomnyang'anya Makeba pasipoti, muziki ukawa silaha yao wote wawili. Albamu yao ya mwaka 1965, "An Evening with Belafonte/Makeba", ilikuwa na nyimbo za Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kiswahili. Nyingi waliziimba kila mmoja peke yake, na nyimbo mbili tu waliziimba pamoja. Moja kati ya hizo mbili ilikuwa "Malaika". Mwaka 1966 albamu ilishinda tuzo ya Grammy ya muziki wa asili, na watu waliokuwa hawajawahi kusikia neno la Kiswahili wakaanza kuuimba wimbo wa kijana anayempenda binti ambaye hawezi kumwoa kwa kukosa mali.

Wimbo huo ulikuwa umeshafika mbali Afrika Mashariki kabla ya hapo. Fadhili William Mdawida, aliyezaliwa mwaka 1938, aliurekodi Nairobi akiwa na bendi ya Jambo Boys mnamo mwaka 1960, na miaka michache baadaye ukarekodiwa upya katika studio ya Equator Sound iliyomilikiwa na Charles Worrod. Ni studio ile ile iliyowatoa Daudi Kabaka na wenzake, na nyimbo zake zilisikika Kenya, Tanganyika na Uganda. Kwa kuwa Fadhili ndiye aliyetangulia kuutia kwenye santuri, jina lake ndilo lililotambuliwa katika masuala ya malipo, na hadi leo ndilo linaloandikwa mara nyingi. Aliishi Marekani kwa miaka mingi, akarudi Kenya na kufariki Februari 2001.

Adam Salim, Mtanzania aliyezaliwa mwaka 1916, alieleza habari nyingine. Alisema aliutunga wimbo huo mwaka 1945 alipokuwa akiishi Nairobi, kwa ajili ya binti aliyempenda ambaye wazazi wake walimwoza kwa mwanamume mwenye mali. Kwa maelezo yake, aliuimba mbele ya watu, vijana wakaushika, na ukaenea bila jina lake. Walijitokeza pia wanamuziki wengine wa Kenya waliosema kuwa wimbo ni wao, au kuwa walishiriki kuutunga.

Hoja za kila upande zina uzito wake. Habari ya Adam Salim inaafikiana na maneno ya wimbo, na nyimbo nyingi za miaka ya 1940 zilipita kwa midomo kabla ya kufika studio. Kwa upande mwingine, Fadhili ndiye aliyeupa wimbo sauti na mpangilio ambao dunia inaujua, na kazi hiyo si ndogo. Inawezekana pia wimbo ulikua kwa hatua, mmoja akianzisha na wengine wakiongeza. Kinachokosekana ni kitu kama kile kijitabu cha Trinidad. Hakuna karatasi ya mwaka 1945 yenye maneno, jina na tarehe, na hakuna chombo kilichokuwepo Nairobi wala Dar es Salaam ambako mpiga gitaa maskini angeweza kwenda kusajili utunzi wake.

Wimbo ukaendelea kusafiri. Pete Seeger aliuimba Marekani, Boney M. waliurekodi Ujerumani mwaka 1981, na Angélique Kidjo wa Benin akautoa upya mwanzoni mwa miaka ya 1990. Maneno yalibadilika kutoka santuri moja hadi nyingine, kwa kuwa waimbaji wengi hawakujua Kiswahili na waliyashika kwa kusikia. Majina ya watunzi nayo yalibadilika, na kuna santuri zilizouita wimbo wa jadi, kana kwamba haukuwa na mtunzi kabisa. Belafonte na Makeba hawakuuiba wimbo huo, na hakuna aliyewatuhumu hivyo kwa ushahidi. Waliupokea ukiwa tayari unaimbwa na wengi, wakaubeba kwa heshima. Hata hivyo umaarufu wao ulifanya wasikilizaji wengi waamini kwamba ni wimbo wa Makeba, na hilo ni sehemu ya urithi wao inayopaswa kusemwa kila wanapokumbukwa.

Sheria inavyogawa haki

Katika wimbo mmoja kuna haki zaidi ya moja. Ipo haki ya mtunzi wa maneno na ya mtunzi wa sauti, ambao huenda wakawa watu wawili. Ipo haki ya mwimbaji na wapigaji kwa ule uimbaji wao hasa, na ipo haki ya aliyegharamia kurekodi. Mtu akiurekodi upya wimbo wa mwingine, anapata haki juu ya rekodi yake mpya, lakini bado anadaiwa mrabaha na mtunzi. Ndiyo sababu swali la nani alitunga "Malaika" ni swali la fedha na la heshima kwa pamoja: kila santuri ya Makeba, Boney M. au Kidjo inayouzwa humzalishia mtunzi anayetambuliwa.

Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria zao za hakimiliki mwaka 1966, muda mfupi baada ya uhuru, lakini utekelezaji ulikuwa dhaifu kwa miaka mingi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 ndiyo iliyoleta COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, na Zanzibar ikapata chombo chake, COSOZA, baada ya sheria ya mwaka 2003. Katika sheria ya Tanzania, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na katika muda huo warithi wake ndio wenye haki ya malipo. Kazi ya mtu huwa na hakimiliki tangu inapotungwa. Usajili haumpi mtu utunzi ambao si wake. Faida yake kubwa ni ushahidi siku wawili wanapodai wimbo mmoja.

Deni lililo karibu na nyumbani

Mkoa wa Tanga, Tanzania, una mifano yake ya deni kama hilo. Katika miaka ya 1960 na 1970 vikundi vya Black Star na Lucky Star vya mjini Tanga viliibadili taarabu kwa kuingiza gitaa la umeme na besi, na kwa kutumia Kiswahili chepesi cha kila siku. Mtindo huo ulienea hadi Mombasa na Burundi. Santuri zao zilitolewa Mombasa na kampuni ya wafanyabiashara, na mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya London ilizikusanya baadhi yake katika albamu moja. Shakila binti Said, mzaliwa wa Pangani na mwimbaji mashuhuri wa vikundi hivyo, alifariki Agosti 2016. Serikali na wasanii walitoa rambirambi, na redio zikapiga "Macho Yanacheka" na "Kifo cha Mahaba". Swali la nani aliyatunga maneno ya kila wimbo na nani anapaswa kulipwa unapopigwa linahitaji jibu pia, hasa wakati wazee wachache wanaojua bado wako hai.

Nyuma ya taarabu na bendi kuna hazina ya zamani zaidi. Mkonge ulipoletwa Kikogwe, karibu na Pangani, mwaka 1893, mashamba yake yalienea chini ya milima ya Usambara na kuvuta manamba kutoka pande zote za nchi na nje yake. Walikuja na nyimbo zao za kazi, kama makuli wa ndizi wa Jamaika. Milimani, kuanzia Lushoto hadi Amani unakochipuka Mto Sigi, Wasambaa wana nyimbo zao za kilimo, za unyago, za harusi na za misiba. Nyingi hazina mtunzi anayejulikana, na hizo ni mali ya jamii nzima. Nyingine zina mwenyewe, mzee au bibi anayetajwa kijijini kwa jina, na hizo zikirekodiwa leo kwa simu na kurushwa mtandaoni bila kumtaja, zitapita njia iliyopitwa na "Malaika".

Kinachohitajika si kikubwa. Anayerekodi aseme mwanzoni mwa rekodi jina la aliyetunga au aliyefundisha wimbo, kijiji, lugha na tarehe, na aeleze kama ni wimbo wa jamii au wa mtu mmoja. Mtunzi aandike maneno yake, aweke tarehe, na ayapeleke COSOTA. Bendi iandikiane mapema nani katunga maneno, nani katunga sauti, na mapato yagawanywe vipi. Redio na waandaaji wa tamasha wamtaje mtunzi pamoja na mwimbaji. Walimu wa muziki na maofisa utamaduni wa wilaya wanaweza kuwatembelea wazee na kuyaweka haya kwenye daftari kabla hayajapotea.

Mjadala kuhusu Belafonte haumvunjii heshima. Alitumia umaarufu wake kuwasomesha vijana wa Kiafrika, kuwatoa watu jela na kuipeleka sauti ya Afrika Kusini iliyokuwa kifungoni mbele ya dunia, na kwa hayo sifa alizopewa Aprili 2023 zilikuwa haki yake. Alikataa taji la kalipso kwa kuwa alijua lina wenyewe Trinidad. Kwa kipimo hicho hicho, kumuenzi sawasawa kunadai watajwe Irving Burgie, King Radio, Edric Connor na Louise Bennett, na kila "Malaika" inapopigwa watajwe Fadhili William na Adam Salim, kila mmoja pamoja na madai yake, mpaka ushahidi mpya utakapopatikana.